Hoteli ya Ndani ya Bustani: Je, Aliyelipa Zaidi Apite Mbele ya Foleni?

Familia mbili zinafika kwenye lango la Magic Kingdom, jimboni Florida, asubuhi ileile. Kila mtu ana tiketi yake, na wote wameinunua kwa bei moja. Familia ya kwanza imelala katika hoteli ya Disney. Ya pili imelala katika hoteli ya bei nafuu nje ya eneo. Ya kwanza inaruhusiwa kupanda bembea nusu saa kabla ya wengine. Tena, pasi zake za njia ya haraka ilizichagua siku kadhaa kabla ya familia ya pili kufunguliwa nafasi. Ya pili haijachelewa wala haijavunja sheria yoyote. Imelala tu mahali pengine.

Je, ni haki? Na kama wewe ndiye unayepanga safari, inafaa kulipia hoteli ya ndani ili uwe upande wa familia ya kwanza? Maswali haya mawili huchanganywa, na wauza vyumba hufaidika na mchanganyiko huo. Makala haya yanayatenganisha: faida zenyewe ni zipi, nani anazigharimia, na mtu apigeje hesabu kabla ya kutoa pesa. Mifano mingi ni ya eneo la Orlando, Florida, kwa kuwa ndiko biashara hii ilikokomaa na ndiko wanakoelekea wengi wanaoishi Marekani au wanaowatembelea ndugu huko.

Zamani foleni ilikuwa moja

Disneyland ilipofunguliwa Anaheim, California, Julai 1955, mgeni alilipa kiingilio kisha akalipia kila bembea aliyotaka kupanda. Muda si muda tiketi hizo zikauzwa kwa vitabu, zikiwa na madaraja ya herufi. A ilikuwa ya bembea ndogo. E, iliyoongezwa mwaka 1959, ilikuwa ya zile zinazogombewa. Mwenye pesa alipanda mara nyingi zaidi, lakini foleni alipanga ileile na mwenzake. Mwaka 1982 vitabu viliondolewa, na kiingilio kimoja kikafungua kila kitu.

Mwaka 1999 ikaja FastPass. Ulichukua karatasi kwenye mashine bila malipo, ukarudi saa iliyoandikwa, ukapita njia fupi. Haikujali ulilala wapi. Mwaka 2014, huko Walt Disney World, Florida, karatasi ziliachwa na mambo yakahamia kwenye simu na bangili. Hapo ndipo hoteli ilipoingia: mgeni wa hoteli za Disney alichagua nafasi zake siku 60 kabla, wa nje siku 30. Huduma ilikuwa bado ya bure, ila mmoja alifika sokoni mapema kuliko mwingine.

Bustani zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya UVIKO-19, na huduma hiyo ya bure haikurudi tena. Oktoba 2021 badala yake ikaletwa Genie+, kwa dola 15 kwa mtu kwa siku. Julai 2024 ikabadilishwa jina kuwa Lightning Lane Multi Pass, na bei yake sasa hupanda na kushuka kulingana na siku na bustani. Kwa hiyo, kitu kilichokuwa cha wote kwa miaka 20 hivi kimekuwa bidhaa, na hoteli imekuwa mojawapo ya njia za kuinunua.

Faida zinazouzwa leo

Kwa Disney huko Florida, faida za hoteli zinazohusu bembea ni hizi:

Kuingia mapema. Kila mgeni wa hoteli ya Disney, hata ile ya daraja la chini kama Pop Century, huingia dakika 30 kabla ya wengine, kila siku, katika bustani zote nne. Si kila bembea huwa imefunguliwa muda huo.

Saa za usiku. Katika usiku maalumu, kwa kawaida EPCOT na Magic Kingdom, bustani huachwa wazi kwa saa mbili zaidi kwa ajili ya wageni wa hoteli za daraja la juu peke yao. Mgeni wa hoteli ya daraja la kati, ingawa naye amelala kwa Disney, huonyeshwa mlango.

Kuchagua pasi mapema. Multi Pass na ile ya bembea moja moja, Single Pass, bado hulipiwa, hata ukiwa mgeni wa hoteli. Tofauti ni siku ya kuchagua. Mgeni wa hoteli huchagua siku 7 kabla ya kufika, tena kwa siku zote za kukaa kwake, mpaka siku 14. Wa nje huchagua siku 3 tu kabla ya kila siku ya bustani. Tuseme mgeni wa hoteli anafika Jumatatu na kuondoka Ijumaa. Nafasi ya Ijumaa ataichukua siku 11 kabla. Wa nje ataanza kuitafuta siku 3 kabla, wakati saa nzuri zimeshachukuliwa.

Pasi ya kifahari. Oktoba 2024 ilianzishwa Premier Pass, isiyo na haja ya kuchagua saa: unapita njia ya haraka mara moja kwa kila bembea iliyo na njia hiyo. Mwanzoni iliuzwa kwa wageni wa hoteli za daraja la juu na nyingine chache zilizotajwa, kwa dola 129 hadi 449 kwa mtu, kwa siku moja, katika bustani moja. Familia ya watu wanne kwa bei ya juu ilitoa dola 1,796, bila kuhesabu tiketi za kuingilia.

Majirani zao, Universal Orlando, wanauza kwa namna nyingine. Wageni wa hoteli tatu za daraja la juu, yaani Portofino Bay, Hard Rock Hotel na Royal Pacific, hupewa pasi ya Express Unlimited ndani ya bei ya chumba. Kila aliyesajiliwa chumbani anapata yake, kuanzia siku ya kuingia hotelini hadi siku ya kutoka. Hoteli zao nyingine hazina pasi hiyo. Zina ruhusa ya kuingia mapema tu. Na Epic Universe, bustani mpya iliyofunguliwa Mei 2025, haimo kabisa kwenye pasi hiyo ya bure. Wapo wanaolipa chumba ghali wakidhani wamenunua njia ya haraka kila mahali, wakaja kuambiwa getini.

Nani anagharimia?

Bembea ina idadi yake ya viti kwa saa, na idadi hiyo haiongezwi na pasi. Chukua mfano wa bembea inayobeba watu 1,500 kwa saa, na mbele yako wamesimama watu 500. Bila njia ya haraka, utapanda baada ya dakika 20. Sasa weka njia ya haraka pembeni. Njia zote mbili hukutana karibu na mahali pa kupandia, na hapo husimama mfanyakazi mmoja anayeamua nani apite. Anapitisha watu kumi wa njia ya haraka, anapitisha watano wa foleni ya kawaida, anarudi tena kwa wale kumi. Kwa mgawo huo, viti 1,000 kati ya 1,500 vinakwenda kwa wenye pasi, na watu 500 walio mbele yako sasa ni kazi ya saa nzima. Hakuna aliyeongezeka mbele yako wala bembea haikuharibika. Mgawo ndio uliobadilika.

Ni kweli kwamba wenye pasi nao wangekuwa kwenye foleni kama pasi isingekuwepo. Jumla ya kusubiri haijapungua. Imehamishwa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kwa hiyo, mtu anaposema faida yake haimdhuru yeyote, muulize faida ipi. Kitanda kizuri hakimdhuru mtu, wala bwawa la kuogelea. Kiti cha bembea kikipewa huyu, yule anangoja.

Je, ni haki?

Hoja ya kampuni inaeleweka. Hoteli ni yake, bembea ni zake, na aliyelala ndani ametumia pesa nyingi zaidi. Biashara gani haimtunzi mteja wake mkubwa? Watetezi huongeza mfano wa ndege: mbona daraja la kwanza lipo na hakuna anayelalamika? Lakini mfano huo unawageuka. Abiria wa daraja la kwanza na wa kiti cha nyuma wanatua pamoja. Upana wa kiti chake haukucheleweshi safari yako hata dakika moja. Kwenye bembea, mwendo wa mmoja ndio msimamo wa mwingine.

Upande wa pili nao una hoja zake. Mwaka 2025, tiketi ya siku moja ya Magic Kingdom ilifika dola 199 katika siku zenye watu wengi zaidi. Aliyetoa kiasi hicho si mtu wa kuhurumiwa mlangoni. Ni mteja kamili, na alichonunua ni siku ya kupanda bembea. Mwanafalsafa Michael Sandel wa Harvard, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu mipaka ya soko, alianza sura ya kwanza na jambo hilihili la kulipia kupita mbele ya foleni. Watu walikuwa wakihesabu foleni kuwa mahali ambapo tajiri na maskini wanakaa sawa, na soko linapoingia hapo, kitu zaidi ya dakika kinapotea.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, jibu haliwezi kuwa moja kwa faida zote. Zipimwe kwa mambo matatu.

La kwanza: faida inaongeza muda au inagawa upya uliopo? Nusu saa ya asubuhi na saa mbili za usiku ni muda wa nyongeza. Kampuni imewasha mitambo na kulipa wafanyakazi wakati ambao bustani ingekuwa imefungwa. Si kwamba haiwagusi kabisa wengine, kwani lango likifunguliwa kwa wote, foleni ya bembea kama Seven Dwarfs Mine Train ya Magic Kingdom huwa tayari imejaa. Hata hivyo, hasara hiyo ni ndogo, na faida hiyo ni halali. Kupita mbele mchana kutwa ni kugawa upya, na hapo pana deni la maelezo.

La pili: mwenye tiketi ya kawaida ameambiwa kabla ya kulipa? Anayejua kwamba sehemu ya viti imeshauzwa anaweza kuchagua siku nyingine au kwenda pengine. Asiyejua ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

La tatu: pana ukomo? Pasi zikiuzwa chache kwa siku, foleni ya kawaida bado inatembea. Zikiuzwa bila kikomo, tiketi ya kawaida inageuka kibali cha kuja kutazama wengine wakipanda.

Jambo moja lisichanganywe na haya. Huduma ya kuwasaidia wenye ulemavu wasiosimama kwenye foleni ndefu si fadhila ya hoteli. Kwa Disney ni ya bure, haitegemei umelala wapi, na huombwa kwa mahojiano ya video kabla ya safari. Ilirekebishwa mwaka 2013, baada ya habari kwamba matajiri walikuwa wakiwakodi watu wenye ulemavu ili wapite nao mbele. Mwaka 2024 masharti yakakazwa zaidi, na sasa inawalenga hasa wenye ulemavu wa ukuaji kama vile usonji. Mwenye mtoto wa namna hiyo asikimbilie kununua hoteli ghali kabla hajaomba huduma hiyo.

Piga hesabu kabla ya kulipa

Mali bila daftari huisha bila habari. Chukua kalamu, andika tofauti ya bei kati ya hoteli ya ndani na ya nje, kisha igawe kwa kile unachopata. Bei zilizo hapa chini ni za mfano, weka zako.

Universal, usiku mmoja. Chumba cha daraja la juu ni dola 450, cha nje ni dola 150; tofauti ni dola 300. Kwa kuwa pasi hutumika siku ya kuingia na ya kutoka, watu wanne wanapata siku 8 za pasi. Gawanya 300 kwa 8: dola 37.50 kwa mtu kwa siku. Pasi hiyo ikinunuliwa peke yake mara nyingi hupita dola 100. Hapo chumba ni nafuu kuliko pasi, na ndiyo sababu wajuzi hulala humo usiku mmoja tu kisha wakahamia hoteli ya bei rahisi. Kwa wawili, tofauti hiyohiyo inakuwa dola 75 kwa mtu kwa siku. Kwa mtu mmoja, dola 150. Faida iliyo nzuri kwa familia inaweza kuwa hasara kwa msafiri wa peke yake.

Disney, usiku nne. Tofauti ni dola 100 kwa usiku, jumla dola 400. Unapata asubuhi nne za dakika 30, yaani saa mbili. Umelipa dola 200 kwa kila saa ya familia. Inaweza kulipa, kwa sharti kwamba mfike kabla lango halijafunguliwa. Familia ambayo watoto wake huamka saa tatu asubuhi imelipia muda ambao haitautumia.

Saa za usiku nazo zipimwe hivyo hivyo. Mfano mzuri ni Animal Kingdom Lodge, hoteli ya daraja la juu ambayo msomaji wa Kiswahili atajiona nyumbani: jengo moja ni Jambo House, jingine ni Kidani Village, migahawa ni Boma, Jiko na Sanaa, na nje ya madirisha wanapita twiga na pundamilia. Bei yake inabeba haki ya saa za usiku, lakini saa hizo ziko EPCOT na Magic Kingdom, kwa basi. Mwenye mtoto wa miaka mitatu aliyelala begani hatazifikia. Kama unachotaka ni kuona twiga, weka nafasi ya chakula cha mchana pale Sanaa. Mgahawa unapokea hata wasiolala hotelini.

Njia zisizohitaji hoteli

Fika mapema. Hata bila faida ya hoteli, saa ya kwanza baada ya lango kufunguliwa ndiyo yenye foleni fupi kuliko saa za mchana. Anza na bembea kubwa. Maonyesho na gwaride yasubiri.

Wazazi wapokezane. Disney na Universal zote zina utaratibu wa bure kwa wenye mtoto mdogo: mzazi mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila wa pili kupanga foleni upya.

Panda peke yako. Baadhi ya bembea zina foleni ya mtu mmoja mmoja, inayojaza viti vilivyobaki wazi. Mtatengana kwa dakika chache, lakini mnaokoa muda.

Pima urefu wa mtoto kabla ya kununua pasi. Bembea ya TRON ya Disney inataka sentimita 122, VelociCoaster ya Universal inataka 130, na Seven Dwarfs Mine Train inataka 97. Pasi haimwongezei mtoto kimo, na mfanyakazi wa mlangoni habembelezeki.

Amka kwa saa sahihi. Nafasi za Multi Pass hufunguliwa saa moja asubuhi kwa saa za Florida. Anayepanga safari akiwa Nairobi au Dar es Salaam ajue kuwa hiyo ni saa nane mchana wakati wa kiangazi cha Marekani, na saa tisa alasiri wakati wa baridi yao.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuweka nafasi

1. Hoteli hii ni ya kampuni yenyewe, ni mshirika wake, au iko tu karibu? Hoteli za Swan na Dolphin haziendeshwi na Disney, lakini zina haki ya kuingia mapema na saa za usiku. Nyingine nyingi zenye jina la Disney kwenye matangazo yao hazina haki hizo.

2. Faida ni ya kila daraja la chumba, au la juu tu?

3. Inahusu bustani zipi, na bembea zipi zimeachwa nje?

4. Ni kupita foleni, au ni tiketi ya kuingia tu? Walioko Oman na kwingineko katika Ghuba waliangalie sana hili. Hoteli za kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, iliko Ferrari World tangu 2010, huuza vifurushi vyenye tiketi za bustani ndani yake. Tiketi hiyo inakuingiza. Njia ya haraka ni malipo mengine.

5. Faida itakuwepo siku nitakayosafiri? Mabasi ya bure ya Disney kutoka uwanja wa ndege wa Orlando yalianza mwaka 2005 na yakaondolewa Januari 2022. Ahadi ya mwaka jana haimfungi mtu mwaka huu. Soma masharti ya tarehe zako kwenye tovuti ya bustani yenyewe, na uhifadhi nakala.

Kwa ufupi, anayelipa hoteli ya ndani anastahili kitanda chake, basi lake na muda wa ziada ambao kampuni imeufungua kwa ajili yake. Hastahili kuuziwa kiti ambacho mwingine alishakilipia pasipo huyo mwingine kuambiwa. Wajibu wa kampuni ni kutangaza mgawo huo wazi kabla ya malipo. Wajibu wako, msomaji, ni kutolipa dola moja mpaka umejua ni saa ngapi unazinunua, na kama familia yako itakuwa macho kuzitumia.